Waliomtetea Mungu mbele ya Ayubu

Wanafunzi wangu wengi huingia darasani wakimjua Ayubu mmoja tu, yule aliyesema "BWANA alitoa, na BWANA ametwaa." Huyo ni Ayubu wa sura mbili za mwanzo za kitabu chake katika Biblia, aliyepoteza mali, watoto na afya. Waraka wa Yakobo ulimsifu kwa saburi yake, na sifa hiyo imemganda. Ila ukifungua sura ya 3 unakutana na mtu mwingine: analaani siku aliyozaliwa, na baadaye anadai kesi, yeye upande huu na Mungu upande ule.

Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Kwa maoni yangu, hapo ndipo walipofanya kazi yao vizuri. Walipofumbua vinywa, wakaanza kumtetea Mungu: Mungu ni wa haki, humlipa kila mtu kwa matendo yake, basi anayeteswa hakosi dhambi mahali fulani. Bildadi hakuona haya kumdokezea mfiwa kwamba huenda wanawe walikufa kwa makosa yao wenyewe.

Tusiwaonee lakini. Fikra hiyo hawakuitunga wao. Kumbukumbu la Torati sura ya 28 inaahidi baraka kwa taifa litakalotii na laana kwa litakaloasi. Kosa lao lilikuwa kuisoma ahadi hiyo kinyumenyume: wameona jeraha, wakahitimisha dhambi. Hoja hiyo bado ina wateja wengi, hasa misibani.

Mungu anapozungumza, kuanzia sura ya 38, anauliza habari za misingi ya dunia, ghala za theluji na mbuzi-mwitu wa milimani wanaozaa. Sababu ya mateso haitaji. Hata yale mazungumzo yake na Shetani ya sura za mwanzo, yaliyoanzisha mateso hayo, hayagusi, na Ayubu anaishi hadi kufa bila kuyajua. Kisha katika 42:7 anamgeukia Elifazi kwa hasira: wao hawakunena sawa juu yake, ila Ayubu amenena sawa. Mlalamikaji anapewa haki, mawakili wa Mungu wanakemewa.

Wayahudi hawakuona ajabu kubwa hapo, kwa sababu Abrahamu alikwisha kumhoji Mungu juu ya Sodoma: "Mhukumu ulimwengu wote asitende haki?" Hata hivyo, marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi, nao walikuwa na nadharia zao. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho na mijadala yao, katika Berakhot 5a, inamshauri anayeteswa achunguze matendo yake. Asipoona kosa, aangalie kama ameipuuza Torati. Asipoona hilo pia, basi hayo ni mateso ya upendo, ambayo Mungu humpa ampendaye. Nadharia safi kabisa. Lakini ukurasa unaofuata unakupeleka kando ya kitanda. Rabi Yohanan anamtembelea Rabi Hiyya bar Abba aliye mgonjwa na kumuuliza kama anayapenda mateso yake. Jibu: siyapendi, wala thawabu yake siitaki. Yohanan anampa mkono, anamwinua. Baadaye Yohanan mwenyewe anaugua, na ni Rabi Hanina anayemwinua. Kwa nini hakujiinua? Talmudi inajibu kwamba mfungwa hajitoi gerezani.

Mauaji ya Wayahudi milioni 6 chini ya Wanazi yaliifanya lugha ya adhabu isivumilike kwa wengi. Mwanatheolojia wa Kiyahudi Richard Rubenstein, mwaka 1966, alimkataa Mungu anayeongoza historia. Mwenzake, rabi Eliezer Berkovits, mwaka 1973, alirudi kwenye fikra ya kale kwamba Mungu huuficha uso wake ili binadamu abaki na uhuru. Namheshimu Berkovits, ingawa sioni jinsi uhuru wa muuaji unavyoweza kulipiwa na mtoto.

Kwa Wakristo, Yesu mwenyewe aliikata hoja ya akina Bildadi mara mbili: kuhusu watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, na kuhusu kipofu wa Yohana 9. Augustino, askofu wa kale, alieleza kwamba uovu si kitu chenye kuwapo kwake chenyewe, bali ni upungufu wa wema. Ni maelezo ya mwanafalsafa, yanasaidia darasani zaidi kuliko wodini. Jürgen Moltmann, mwanatheolojia Mjerumani aliyekuwa mfungwa wa vita akiwa kijana, alianzia kwingine. Mwaka 1972 aliandika juu ya msalaba kama mahali Mungu mwenyewe anapoteseka, akisisitiza kilio cha Yesu, "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kilio hicho ni mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22, yaani Yesu alilia kwa maneno ya sala ya Kiyahudi.

Hapo ndipo dini hizi mbili zinapoachana. Mkristo anasema Mungu ameingia upande wa mlalamikaji. Myahudi anauliza kwa nini basi dunia bado iko vilevile. Swali hilo Wakristo hawapaswi kulikwepa, maana Paulo naye anakiri katika Warumi 8 kwamba viumbe vyote vingali vinaugua.

Wengi huniuliza kuhusu wale marafiki: je, walisamehewa? Walisamehewa, kwa sharti. Waliagizwa kumwendea Ayubu na sadaka, naye awaombee. Mungu angeisikiliza sala yake.