Wodi haina watu, na wauguzi wako mtaani

Wiki iliyopita nilitoka zamu ya usiku saa moja na nusu asubuhi. Tulikuwa wawili kwa wagonjwa 38, na mwenzangu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Getini nikakuta vijana wanne wamekaa kwenye kibaraza, kila mmoja na bahasha ya kaki mapajani. Wote wamemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga, wote wana leseni. Walikuwa wakisubiri ofisi ya muuguzi mkuu ifunguliwe waombe kujitolea. Mmoja akanisalimia, "Shikamoo sista," kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli hata nafasi za kujitolea zimejaa. Ni kweli, zilikuwa zimejaa.

Kazi yangu ni uuguzi, na kwa miaka kadhaa sasa nawaelekeza wanafunzi wodini hapa Mwanza, na mara nyingine naitwa kukaa kwenye meza ya usaili. Wazazi huniuliza swali moja kuliko yote, na huniuliza kwa uchungu: kama hospitali hazina wauguzi, mbona mwanangu yuko nyumbani mwaka wa tatu sasa? Swali hilo lina jibu, na nadhani kila mhitimu anastahili kulijua kabla hajaanza kujilaumu.

Upungufu wa wauguzi ni jambo moja, nafasi ya ajira ni jambo jingine, na kati yake kuna safari ndefu ya makaratasi. Kwanza kuna ikama, yaani idadi ya watumishi ambao kituo kinatakiwa kuwa nao. Mwongozo wa Wizara ya Afya wa mwaka 2014 ulitaka zahanati iwe na watumishi wasiopungua 15, na kituo cha afya wasiopungua 39. Nilipopangiwa zahanati ya kisiwani Ukerewe tulikuwa watatu: tabibu, mimi na mhudumu wa afya. Wale 12 waliosalia walikuwa kwenye karatasi tu. Ili mmoja wao awe mtu mwenye koti jeupe, halmashauri lazima iiombe nafasi hiyo kwenye bajeti ya mishahara, Ofisi ya Rais Utumishi watoe kibali, Hazina waone fedha ipo, ndipo tangazo litoke na mkeka utolewe, yaani orodha ya waliopangiwa vituo. Kibali kisipotoka, mama wa kijijini atajifungua mikononi mwa mhudumu, na mkunga mwenye leseni atakuwa anauza vocha Igoma. Kinachokosekana hapo ni mshahara wa kuwakutanisha.

Mambo hayakuwa hivi siku zote. Wauguzi wa rika la mama yangu walitoka chuoni wakiwa na barua za kupangiwa kazi. Miaka ya 1990, serikali ilipobana matumizi na kupunguza watumishi, kupangiwa moja kwa moja kulikufa. Baadaye ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, ulioanza 2007 kwa lengo la zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Majengo yakahitaji watu, vyuo vikaongezeka, vya serikali, vya madhehebu na vya watu binafsi. Hilo lilikuwa jambo jema na sitaki kulibeza. Ila kufungua chuo ni rahisi kuliko kuongeza mishahara ya kudumu, na vyuo vikatangulia.

Mimi mwenyewe nilidakwa na wimbi. Nilimaliza 2015. Juni 2016 serikali ikasitisha ajira mpya kupisha uhakiki wa watumishi hewa, na Aprili 2017 ikatangazwa orodha ya watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Katika muda huo wote nilikuwa najitolea kwenye hospitali moja binafsi hapa mjini. Nilifanya miezi 14, zamu kamili, usiku na mchana. Niliahidiwa mkataba kwa mdomo mara tatu. Nilikuwa napewa chai ya saa nne, basi. Siku nilipoomba barua ya kuthibitisha kwamba nimefanya kazi pale, nikaambiwa jina langu halimo kwenye rejista yoyote. Nililia kwenye daladala kutoka Pasiansi hadi Mkuyuni, na abiria mmoja, mama wa makamo, akanishika mkono bila kuniuliza kitu. Miezi 14 ya maisha yangu haina hata karatasi moja. Kila ninachokisema hapa chini kuhusu kujitolea kinatoka huko.

Wahitimu wa sasa wamepata pigo jingine. Huku kanda ya ziwa, wauguzi wengi vijana walikuwa wakianzia kwenye miradi ya VVU na kifua kikuu: kliniki za tiba na matunzo, upimaji, ufuatiliaji wa kina mama. Mikataba ilikuwa ya mwaka mmoja mmoja, lakini ilikuwa kazi yenye mshahara na barua. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, wengi wa hao walirudishwa nyumbani ndani ya siku chache. Kwa hiyo mhitimu mpya leo anagombea nafasi na mtu mwenye uzoefu wa miaka mitano. Hospitali binafsi nazo mapato yake yanategemea sana malipo ya bima, na pale bima inapochelewa kulipa, kitu cha kwanza kusimamishwa ni ajira mpya.

Sasa niingie kwenye yale yaliyo mikononi mwako.

Anza na majina. Nimeona vijana wazuri wakirudishwa mlangoni mwa usaili kwa sababu ya herufi moja. Sisi watu wa ziwani tunajua jinsi majina yetu yanavyoandikwa: cheti cha kuzaliwa kinasema Kulwa, cheti cha kidato cha nne kinasema Kurwa, kitambulisho cha NIDA kimeandikwa na karani aliyesikia kingine kabisa. Doto anakuwa Dotto. Binti aliyeongeza jina la ubatizo akiwa sekondari anakuwa na majina manne kwenye karatasi moja na mawili kwenye nyingine. Mfumo wa Ajira Portal, ule wa kuombea kazi za serikali mtandaoni, hauna namna ya kujua kwamba huyo ni mtu mmoja. Zitandaze karatasi zako zote kitandani leo, usisubiri tangazo, uzisome herufi kwa herufi. Kama zinatofautiana, nenda kwa wakili, upate hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Inachukua muda na fedha, na matangazo ya ajira hukaa wazi siku chache tu.

Barua ya maombi iandikwe kwa Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, S.L.P. 2320, Dodoma, isainiwe kwa mkono ndipo ipigwe skani. Barua isiyo na saini haifiki mbali. Hati ya matokeo ya muda haikubaliki mahali pa cheti, kwa hiyo kama chuo hakijatoa cheti, kawafuate. Hakikisha pia sehemu ya makazi ya sasa inasema unapoishi kweli, maana hiyo ndiyo hutumika kukupangia kituo cha usaili. Kijana mmoja wa Misungwi alikuwa bado ameacha anwani ya chuo alichosoma mkoa mwingine. Kituo chake kikapangwa huko, nauli hakuwa nayo, na hakwenda.

Leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga nayo ina tarehe ya mwisho. Kuihuisha kunahitaji ushahidi wa mafunzo endelevu, na anayekaa nyumbani miaka miwili bila kuhudhuria chochote hushtuka leseni imekufa wakati tangazo limetoka. Kila nikisikia kuna mafunzo ya bure pale hospitali za Bugando au Sekou Toure, nawatumia ujumbe wote ambao namba zao ninazo. Nendeni, hata kama nauli ya daladala inauma.

Kuhusu usaili wenyewe nina mengi ya kusema, kwa sababu hapo ndipo naona huzuni kubwa zaidi. Serikalini utaanza na mchujo wa kuandika, kisha mahojiano. Kwenye hospitali binafsi utakutana na watu kama mimi uso kwa uso, na sisi tunauliza mambo ya wodini. Mfano: mtoto wa kilo 10 ana malaria kali, una kichupa cha artesuneti cha miligramu 60, utampa kiasi gani? Mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kila kilo, kwa hiyo ni miligramu 30. Ukishaichanganya dawa kwa ajili ya mshipa unapata mililita 6, maana yake miligramu 10 kwa kila mililita, na mtoto wako atapata mililita 3. Dozi ya pili baada ya saa 12, ya tatu baada ya saa 24, zote ukihesabu tangu ile ya kwanza. Kwa mtu aliye wodini hilo ni jambo la kila siku msimu wa mvua. Kwa aliyekaa nyumbani miaka miwili, naona macho yakitafuta ukutani. Anajua kwamba aliwahi kujua. Hapo ndipo huwa natamani kusimamisha usaili nimkumbatie, maana si mzembe. Mikono imekosa kazi, na kumbukumbu ya uuguzi inakaa mikononi.

Dawa ya hilo ni kukutana. Kuna kikundi cha wahitimu sita wa Nyegezi ambao kila Jumamosi hukaa chini ya mwembe wa mmoja wao. Mmoja anakuwa mama anayetokwa damu baada ya kujifungua, mwingine mkunga, wengine wanakagua. Je, umeita msaada? Umekanda tumbo la uzazi? Oksitosini yuniti 10 umechoma msulini? Kibofu umekiangalia? Wanasema kwa sauti, kwa mpangilio, mpaka inakuwa wimbo. Huhitaji ruhusa ya mtu kufanya hivyo, na mwembe haulipishwi.

Ng'ambo nitagusia kidogo tu, kwa kuwa nimeona watu wakitapeliwa. Tanzania imo kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 yenye nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa watumishi wa afya, na kwa sababu hiyo Uingereza hairuhusu mawakala kuja kuwinda wauguzi huku. Mtu binafsi anaweza kuomba mwenyewe. Anayekuja Kirumba na fomu akitaka umlipe ili akupeleke Uingereza, usimpe kitu.

Visiwa, sasa. Vijana wengi wakisikia Ukerewe au visiwa vya Buchosa hukunja uso. Sengerema siku hizi unavuka juu ya daraja la JP Magufuli lililofunguliwa Juni 2025, lakini visiwani bado ni boti, na ziwa likichafuka unakaa. Siwezi kukudanganya kwamba ni rahisi. Nimewahi kuzalisha kwa tochi ya simu niliyoishika kwa meno. Lakini nilijifunza ukunga kule kuliko nilivyojifunza popote. Halmashauri za visiwani mara nyingine huajiri kwa mikataba kutoka mapato ya ndani, na waombaji huwa wachache kuliko mjini. Matangazo hayo hubandikwa ubaoni kwenye ofisi ya mkurugenzi na huenda usiyaone mtandaoni. Kama una shangazi Nansio, mpigie, mwambie apite asome ubao.

Nirudi kwenye kujitolea, maana ndiko vijana wanakonyonywa. Nakubali kujitolea kunasaidia: mikono inabaki hai, na wasimamizi wanakujua. Lakini kuwe na barua yenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza, isizidi miezi sita kabla ya kuzungumza upya. Kuwe na nauli. Jina lako liwe kwenye ratiba ya zamu na kwenye rejista. Uwe na msimamizi mwenye jina, usiachwe peke yako na wodi, kwa sababu siku mgonjwa akidhurika, leseni itakayoulizwa ni yako. Hospitali inayokataa kuandika hayo inatafuta mfanyakazi wa bure, na wewe hukusomea hivyo. Nawaomba pia wauguzi wenzangu viongozi, mnaosoma hapa mkiwa mmekalia kiti: barua moja yenye mhuri inakugharimu dakika kumi. Mimi ilinigharimu miezi 14.

Wale vijana wanne wa getini niliwachukua nikawanunulia chai, tukaziangalia bahasha zao. Mmoja alikuwa na tatizo la jina na tayari ameshakwenda kwa wakili. Wawili tumewapatia nafasi kwenye zahanati moja upande wa Kisesa, wanaanza Jumatatu. Ni miezi sita, nauli inalipwa, na barua zao nimezisoma mwenyewe kabla hazijasainiwa. Wa nne nimempa namba ya yule tabibu niliyefanya naye kazi kule kisiwani. Anasema anaogopa maji, lakini amempigia.