Kivuruga Rada: Kinafanya Kazi Kweli, na Sheria Inasemaje?

Madereva wengi huuliza kama kuna kifaa cha kufunga kwenye gari ili tochi ya trafiki ishindwe kusoma mwendo. Kwa upande wa rada, vinavyouzwa kirahisi havina kazi yoyote, na vile vyenye uwezo wa kuvuruga ni kosa la jinai katika nchi nyingi. Sababu za yote mawili zinaeleweka vizuri ukijua tochi yenyewe inapima nini.

Tochi ya rada hurusha mawimbi ya redio. Yakigonga gari linalotembea hurudi yakiwa yamebadilika masafa (idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa Hz) kidogo, na mabadiliko hayo ndiyo mwendo wa gari. Siku hizi tochi nyingi ziko bendi ya K, karibu na 24.15 GHz (GHz moja ni Hz bilioni moja), au bendi ya Ka, kati ya 33.4 na 36 GHz. Kwenye bendi ya K kila kilomita moja kwa saa huleta tofauti ya Hz 44.7 hivi, kwa hiyo gari la kilomita 100 kwa saa hutoa takriban Hz 4,470. Hiyo ni sauti inayosikika kwa sikio, na tochi nyingi huitoa kwenye spika ndogo. Ndiyo maana trafiki hukagua tochi kwa uma wa sauti, yaani chuma chenye meno mawili kinachotetema kwa masafa maalumu: agonge uma unaotetema mara 2,236 kwa sekunde, aushike mbele ya antena, na kioo kinatakiwa kionyeshe 50. Kikionyesha namba nyingine, tochi hiyo haifai kwenda barabarani.

Kwa hiyo tochi haijali sana mwangwi una nguvu kiasi gani, mradi iusikie. Hapo ndipo zinapoanguka mbinu zote za mtaani. CD iliyoning'inizwa kwenye kioo hutembea kwa mwendo uleule wa gari, na mwangwi wake unasema namba ileile. Foili ndani ya vifuniko vya magurudumu ni hivyo hivyo. Rangi za kufyonza mawimbi zina mantiki kidogo, lakini hesabu inazikataa: nguvu ya mwangwi hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali. Ukifaulu kufyonza nusu nzima ya mwangwi, umbali wa kusomwa unashuka hadi asilimia 84 tu ya ule wa awali. Ukifyonza asilimia 90, bado unasomwa ukiwa zaidi ya nusu ya umbali wa mwanzo. Na asilimia 90 huipati, kwa sababu taa za mbele, rejeta na kibao cha namba huwezi kuvipaka.

Kuna kundi la vifaa vinavyoitwa vivuruga tulivu. Havina kirushio chao. Hupokea mawimbi ya tochi kwa antena ndogo, huyachanganya na kelele na kuyarudisha. Wazo hili lina uzuri mmoja: kwa kuwa mawimbi ni ya tochi yenyewe, masafa yako sawasawa. Tatizo ni ukubwa. Antena ya sentimita za mraba kumi, kwenye bendi ya K, hurudisha mwangwi kama wa kitu chenye eneo la rada (ukubwa wa kitu jinsi rada inavyokiona) lisilofika sehemu moja ya kumi ya mita ya mraba, hata kabla ya kuhesabu upotevu ndani ya kifaa. Gari likitazamwa kwa mbele linaweza kuwa na makumi ya mita za mraba. Kelele hiyo inazama ndani ya mwangwi wa bampa na taa, na tochi haina habari nayo.

Kivuruga hai, kile kinachorusha mawimbi yake chenyewe, kina tatizo la kinyume: nguvu kinayo, masafa hakina. Nguvu si kikwazo kabisa, kwa kuwa mawimbi yake husafiri njia moja tu, huku mwangwi ukienda na kurudi. Lakini tochi hulinganisha kinachoingia na masafa yake yenyewe, halafu huchuja kila kitu kilicho nje ya mwendo unaowezekana. Kwenye bendi ya Ka, kilomita 320 kwa saa ni tofauti ya Hz 20,600 hivi. Kivuruga kinatakiwa kiangukie ndani ya kidirisha hicho, katika bendi yenye upana wa Hz bilioni 2.6, dhidi ya tochi ambayo masafa yake huyumba kuliko hapo kwa joto la jua peke yake. Hakina njia ila kufagia bendi huku na huko, na sehemu kubwa ya nguvu inapotea hewani.

Tuseme kimefanikiwa. Gari likisogea, mwangwi unakua kwa kasi kuliko kelele ya kivuruga, hadi unaizidi na namba inatokea. Kabla ya hapo, tochi nyingi za kisasa huzima namba na kuwasha alama ya mwingiliano wa redio. Trafiki anaona gari moja linakuja, namba inapotea, gari linapita, namba zinarudi. Hahitaji ushahidi mwingine wa kukusimamisha.

Nchini Marekani Sheria ya Mawasiliano ya 1934 inalibana jambo hili pande tatu: kifungu cha 301 kinakataza kurusha mawimbi bila leseni, cha 302 kinagusa uuzaji, uingizaji na matumizi ya vifaa vya namna hii, na cha 333 kinakataza kuvuruga makusudi mawasiliano yenye leseni, rada ya polisi ikiwemo. Adhabu ni faini, kunyang'anywa kifaa na hata kifungo. Anayedhani kivuruga tulivu kinaponyoka, asijidanganye: FCC, tume ya Marekani inayosimamia mawasiliano, ilikihesabu kuwa kirusha mawimbi, na mahakama ya rufaa ya shirikisho ikauunga mkono msimamo huo mwaka 1998. Ajabu yake ni kwamba unaweza kuadhibiwa kwa kifaa kisichofanya kazi.

Kigunduzi cha rada ni kitu kingine, kwa sababu husikiliza tu. Marekani kinaruhusiwa kwenye magari binafsi karibu kote, isipokuwa Virginia na Washington DC, na kimepigwa marufuku kwenye magari makubwa ya biashara. Ufaransa inakataza vyote viwili, kigunduzi na kivuruga: faini hadi euro 1,500, pointi 6 za leseni, na kifaa kinachukuliwa.

Tochi ya leza haimo kwenye maelezo haya. Hutumia mwanga wa nanomita 904 hivi na hupima muda wa mapigo kwenda na kurudi. Mwale wake kwenye mita 300 una upana wa karibu mita moja, na kuivuruga tochi hii kunawezekana kweli, ingawa tochi mpya zaidi hugundua na kuonyesha alama. Kwa kuwa ni mwanga, FCC haihusiki. Majimbo kama California, Texas na Virginia yamepitisha marufuku yao. Uingereza madereva wameshtakiwa kwa kupotosha mwenendo wa haki, kosa zito kuliko mwendo kasi, na wengine wakaishia jela.

Kamera za mwendo wa wastani hazitumii rada wala leza kupima. Husoma namba ya gari sehemu mbili na kugawa umbali kwa muda, kwa hiyo hakuna mawimbi ya kuvurugwa.