Majumba ya Sinema Yaliyofichika: Anzia Uchochoroni

Anayetafuta jumba la sinema la zamani kwa kawaida husimama barabarani na kukodolea macho uso wa jengo. Hapo ndipo anapopotea. Uso ndio unaobadilishwa kwanza. Mwenye duka akishalinunua jengo, anang'oa kile kipaa cha mlangoni kilichobeba herufi za majina ya filamu, anaweka vioo na bango lake, na baada ya muda mfupi mpita njia hana dalili yoyote kwamba hapa watu walikuwa wakipanga foleni ya tiketi. Kazi yangu ni kuchunguza majengo ya namna hii, na nikipewa anwani mpya siendi mlango wa mbele. Nazunguka nyuma.

Nyuma hakuna aliyeona sababu ya kupaficha. Utakuta ukuta mrefu wa matofali usio na dirisha hata moja, paa lililoinuka kuliko mapaa ya majirani, na milango mipana inayofunguka kwa nje kuelekea uchochoroni. Mara nyingine mlango mmoja uko juu kabisa, unaning'inia hewani kwa sababu ngazi yake ya chuma iliuzwa chakavu. Utaniambia jengo lisilo na madirisha laweza kuwa ghala. Laweza. Ila ghala halina haja ya kutoa mamia ya watu nje kwa dakika chache.

Kinachoeleza karibu kila alama ya jumba la sinema ni moto. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, filamu nyingi za kumbi zilikuwa za nitroselulosi, kemikali ya ukoo mmoja na vilipuzi. Ikishaanza kuungua hujitengenezea oksijeni yenyewe, hivyo kuifunika hakusaidii, na hata ndani ya maji huendelea kuwaka. Hofu ilianza mapema. Tarehe 4 Mei 1897, moto uliozuka kwenye onyesho la sinema katika Bazar de la Charité, Paris, uliua zaidi ya watu 120. Kilicholipuka siku ile kilikuwa etha, kimiminika kinachoshika moto upesi kilichotumika kwenye taa ya projekta, wala si filamu, lakini tangu hapo mamlaka zikaitazama mashine hiyo kwa jicho jingine. Uingereza ilitunga sheria ya sinema mwaka 1909, na projekta ikatakiwa ikae ndani ya chumba kisichoshika moto, kando na watazamaji.

Chumba hicho ndicho ninachokitafuta kuliko kitu kingine chochote. Ukibahatika kuingia ndani, panda ghorofa ya nyuma ya ukumbi, hata kama sasa ni stoo ya makopo ya rangi. Tazama ukuta unaoelekea ilikokuwa skrini. Utaona matundu ya mraba, madogo kuliko unavyotarajia, yakiwa yamepangwa mawili mawili: moja la mwanga kupita, jingine la mwendesha projekta kuchungulia, na hili la pili mara nyingi liko juu kidogo. Jozi mbili maana yake projekta mbili, kwa sababu rola moja la filamu lilimalizika ndani ya dakika 10 hadi 20, na ilibidi mashine ya pili iwe tayari kupokezana. Juu ya kila tundu pana reli za chuma. Humo ndimo kilimoshuka kifuniko cha bati: kilifungwa kwa waya wenye kiungo cha madini laini, moto ukitokea kiungo kinayeyuka, kifuniko kinaanguka, na watazamaji wanatengwa na chumba. Nimeona vifuniko vilivyopakwa rangi tabaka juu ya tabaka hadi vikagandana na ukuta. Angalia pia dari ya chumba hicho. Taa za projekta zilizowaka kwa vijiti vya kaboni zilitoa moshi na gesi, hivyo lazima pawe na bomba lililotoboa paa, na bomba hilo huonekana ukiwa barabarani kama umejua pa kutazama.

Milango nayo ina historia yake chungu. Tarehe 31 Desemba 1929, katika Glen Cinema ya mjini Paisley, Scotland, kopo la filamu lilianza kufuka moshi wakati wa onyesho la watoto. Watoto walikimbilia mlango wa kutokea, na geti lake lilikuwa limefungwa. Walikufa 71, wengi wao kwa kukanyagana na kukosa hewa. Ndiyo sababu nikifika uchochoroni naangalia bawaba kabla ya kuangalia kitu kingine: mlango unafunguka upande gani, na ulipanuliwa lini.

Sakafu yenye mteremko wote wanaijua, na wote wanaitarajia, lakini ndiyo inayopotea upesi. Duka haliwezi kupanga rafu kwenye mteremko, kwa hiyo husawazishwa kwa mbao au zege. Hapo gonga chini kwa kisigino ukielekea ilikokuwa skrini, maana mbao hulia mvungu. Dari huwa na bahati zaidi. Wanatundika dari mpya ya chini kuokoa gharama za kupoza hewa, na ile ya zamani yenye nakshi za plasta inabaki gizani juu yake. Ukuta wa mbele nao unaweza kukupa tarehe: skrini pana za CinemaScope zilipoingia mwaka 1953, kumbi nyingi zilizowahi kuwa na jukwaa ziliziba tao lake kwa skrini mpya. Tao bado lipo nyuma.

Kuna jengo Detroit ambalo linaonyesha haya yote wazi bila kugonga wala kupekua. Michigan Theatre lilifunguliwa mwaka 1926 likiwa na viti zaidi ya 4,000, likafungwa mwaka 1976. Kulibomoa kungehatarisha jengo la ofisi lililoshikana nalo, basi wakajenga sakafu za kuegeshea magari ndani yake. Leo unaegesha gari, unainua macho, na plasta ya kifalme iko juu yako, imepasuka lakini ipo. Watu hulitaja kama mfano wa unyama. Mimi naona magari yaliliokoa kuliko ambavyo ukarabati wa kisasa ungeliokoa.

Roxy ya New York haikupata bahati hiyo. Ilifunguliwa Machi 1927 na kubomolewa mwaka 1960. Mlango wake ulikuwa kona, chini ya hoteli, na ukumbi wenyewe ulikuwa nyuma. Hoteli ingali imesimama. Huu ulikuwa mtindo wa kawaida: kiwanja cha barabara kuu ni ghali, hivyo unanunua upenyo mwembamba wa kuingilia, kisha unajenga ukumbi kwenye ardhi rahisi ya nyuma. Mtu akikuambia sinema ilikuwa hapa, naye ananyooshea kidole kiduka cha upana wa mita tano, usimcheke.

Kwenye karatasi, naanza tena na moto. Kampuni za bima zilichora ramani za miji ili zijue jengo gani lina hatari gani. Nchini Marekani zilizo maarufu ni za Sanborn, na Maktaba ya Bunge imeweka nyingi kwenye intaneti. Zinaonyesha matofali na mbao kwa rangi tofauti, zinaandika jengo linatumika kwa nini, na sinema haikuweza kukwepa kutajwa. Tahadhari moja: kampuni ilikuwa ikibandika vipande vya karatasi juu ya ramani ya zamani kila mji ulipobadilika, hivyo mwaka ulioandikwa pembeni huenda si mwaka wa jengo unalolitazama.

Magazeti yana utamu wake na matatizo yake. Tangazo la filamu halikutaja anwani, kwani nani hakujua Palace iko wapi? Isitoshe, jina lilihama. Mmiliki alijenga ukumbi mpya mtaa wa pili, akahamisha jina, na ule wa zamani ukapewa jingine. Kwa hiyo kwenye daftari langu jina lina ukurasa wake na jengo lina ukurasa wake. Idadi ya viti nayo siipokei kutoka kwenye tangazo. Roxy ilikuwa ikijinadi kwa viti zaidi ya 6,000, na idadi inayokubalika ni 5,920. Kibali cha ujenzi ni mkweli zaidi, maana kiliangaliwa na mkaguzi.

Wazee nawaendea nikishamaliza karatasi. Siwaulizi ilifungwa mwaka gani, kwa kuwa swali hilo huzaa jibu la kumridhisha mgeni. Nauliza: mlikuwa mnaingilia wapi? Mlikaa wapi? Nani alikaa kwingine? Kusini mwa Marekani, enzi za ubaguzi, watu weusi waliingia kwa mlango wa pembeni na kupanda ngazi zao hadi roshani, mara nyingi wakiwa na dirisha lao la tiketi. Ngazi hizo mara nyingi ndizo zilizokuwa za kwanza kuzibwa, na kwenye picha za ufunguzi wa jumba hazikuonyeshwa. Ukikuta ngazi nyembamba inayopanda pembeni na kuishia kwenye ukuta wa matofali mapya, usiiandike kuwa ya dharura kabla hujamuuliza aliyekuwa akiipanda. Na umwombe akuonyeshe ni wapi hasa dirisha la tiketi lilikuwa, upime urefu wake kutoka chini, upige picha ya ukuta huo hata kama leo ni rangi tupu.