Mkojo wa ng'ombe na hesabu ya protini

Kiangazi kilichopita nilisimama kwenye boma moja huko Nachingwea, ndoo mkononi, nikingoja ng'ombe akojoe. Mwenye mifugo, mzee wa Kisukuma aliyehamia Lindi wafugaji walipoondolewa Usangu, aliniangalia weee, mwisho akauliza: "Bwana mifugo, mkojo ndio utakaokwambia ng'ombe wangu ameshiba?"

"Kushiba hapana, mzee. Utaniambia vijidudu vya tumboni vimempa protini kiasi gani."

Nyasi anazomeza ng'ombe huliwa kwanza na bakteria na protozoa wa rumeni, lile tumbo kubwa ambalo wauza supu huliita taulo. Vijidudu hivyo huzaliana, husukumwa mbele pamoja na chakula, humeng'enywa. Kwa ng'ombe wa malisho makavu, sehemu kubwa ya protini anayofyonza ni miili yao. Nyasi zikikauka na protini yake kushuka chini ya 7%, vijidudu hukosa naitrojeni, na ng'ombe anakonda huku tumbo limejaa. Kwa hiyo ukitaka kujua kama mashudu ya ufuta, yaani makapi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, yanamsaidia, pima vijidudu.

Zamani njia ilikuwa kumpasua mnyama, kumwekea mrija kwenye utumbo mwembamba na kutafuta humo alama ya bakteria. Mojawapo ni DAPA, aina ya asidi ya amino iliyomo kwenye kuta za bakteria, ila protozoa hawaitengenezi. Hiyo ni kazi ya kituo cha utafiti. Ng'ombe wa mzee sitoboi.

Mkojo una njia ya mkato. Vinasaba vya vijidudu vina purini, kemikali zenye naitrojeni. Ng'ombe akishazifyonza, huzigeuza kuwa alantoini na asidi ya yuriki, akazikojoa. Purini za kwenye malisho karibu zote huvunjwa rumeni, hivyo zinazofika utumboni ni za vijidudu.

Chen na Gomes wa Taasisi ya Rowett, Aberdeen, waliandika mwongozo wake mwaka 1992. Chukua milimoli (kipimo cha wanakemia) za alantoini na asidi ya yuriki zilizotoka kwa siku, toa zile za mwili wa ng'ombe mwenyewe (0.385 kwa kila kilo ya uzito uliopandishwa kipeo cha 0.75), gawanya kwa 0.85, zidisha kwa 0.727. Unapata gramu za naitrojeni ya vijidudu. Ukizidisha kwa 6.25 ni protini. Tuseme ng'ombe wa kilo 250 ametoa milimoli 75. Hapo ni kama gramu 272 za protini.

Sasa ugomvi wangu na hesabu hii. Ile 0.385 ilitoka kwa ng'ombe wa Ulaya. Zebu, ng'ombe wa nundu, hutoa purini chache zaidi za mwili wake mwenyewe, kwa baadhi ya vipimo karibu nusu. Weka 0.19 kwenye mfano uleule, jibu linaruka hadi gramu 337 hivi. Mkojo ni uleule, ng'ombe ni yuleyule! Mtu akikuletea gramu za protini za zebu bila kusema ametumia namba ipi, muulize.

Kukusanya mkojo wa saa 24 bomani ni ndoto, kwa hiyo nachukua sampuli chache kwa nyakati tofauti na kulinganisha purini na kreatinini, taka ya misuli ambayo hutoka kwa kiwango kinachofuata uzito wa mwili. Asidi ya salfuriki usiisahau: pH ya mkojo, yaani kipimo cha uchachu wake, ibaki chini ya 3, la sivyo bakteria wataila alantoini. Mimi niliishiwa asidi siku ya pili, chupa zikakaa juani mpaka jioni. Zote nilimwaga.

Kwa sasa naangalia tofauti tu: ng'ombe yuleyule, kabla na baada ya mashudu. Kosa la ile namba ya mwili hujifuta lenyewe kwenye kutoa. Majibu hayajakamilika, na mzee ameshaanza kuniuliza gunia la mashudu Nachingwea mjini ni shilingi ngapi.