Sheria au mtazamo: dhana potofu kuhusu njia ya kufikia usawa wa kijinsia

Dhana: Sheria haina nguvu mbele ya mila, kwa kuwa haiwezi kubadilisha moyo wa mtu.

Ukweli: Sheria haihitaji kuanzia moyoni. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliulizwa kama kazi za nyumbani za mke zihesabiwe kuwa mchango katika mali iliyochumwa wakati wa ndoa, nayo ikajibu kuwa zihesabiwe, kwa kutafsiri kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. (Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa sababu mahakama iliona kuwa alikwisha kupewa fedha na mumewe na kuzitumia vibaya, waliokuja baada yake ndio waliofaidika.) Hukumu hiyo haikuwafanya wanaume wote waamini kuwa mama wa nyumbani amechuma, lakini ilibadilisha kinachobishaniwa: mbele ya hakimu swali likawa ni kiasi gani anastahili, si kama anastahili chochote.

Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inataka ridhaa ya mwenza kabla ya nyumba ya ndoa kuwekwa rehani. Ndiyo maana mfanyabiashara wa Kariakoo anayeomba mkopo kwa dhamana ya nyumba yake ya Mbagala huambiwa na ofisa mikopo alete fomu ya ridhaa iliyosainiwa na mkewe, hata kama hati ina jina lake peke yake. Hakuna aliyemhubiria habari za usawa, ila jioni hiyo itambidi amweleze mkewe deni ni la kiasi gani na litalipwa vipi, mazungumzo ambayo pengine hayakuwahi kufanyika katika nyumba hiyo. Kwa maoni yangu, karatasi ya namna hii imefanya kazi kubwa kuliko semina nyingi.

Dhana: Sheria ikishapitishwa, kazi imekwisha.

Ukweli: Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinasema hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenza wake kwa kumpiga, na kimesema hivyo tangu 1971. Kipigo hakikuisha, kwa kuwa nyumbani hakuna dawati wala fomu, na jirani anayesikia huona ni mambo ya ndani ya ndoa. Hapa mtazamo ndio wenye kazi kubwa zaidi.

Dhana: Tusubiri kwanza jamii iwe tayari.

Ukweli: Binti wa miaka 15 hana muda huo. Mwaka 2016, katika shauri lililofunguliwa na mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilitamka kuwa vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18, vinakwenda kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 rufaa hiyo ikatupwa.

Dhana: Sheria siku zote iko upande wa usawa, na mila upande wa ubaguzi.

Ukweli: Tangazo la Sheria za Mila la 1963, linalohusu jamii zinazofuata ukoo wa baba, liliandika kuwa mabinti hurithi katika daraja la tatu, yaani la mwisho, na kuwa mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Mila inayosemwa kwa mdomo inaweza kulegezwa na wazee. Iliyoandikwa hubaki ilivyo hadi iandikwe upya. Zipo familia jijini ambazo kikao cha ukoo hukubaliana kwamba nyumba abaki nayo mjane na mabinti wapate sawa na kaka zao. Lakini shemeji mmoja akikataa na kwenda mahakamani, ni hilo tangazo la 1963 atakalolishika mkononi.