Silikoni kwenye krimu ya ngozi: maswali na majibu

Nitajuaje kama krimu yangu ina silikoni?
Soma orodha ya viambato. Majina yanayoishia na -cone, -conol au -siloxane ni ya jamii hiyo; lililo maarufu zaidi ni dimethikoni (huandikwa dimethicone).

Inaifanyia nini ngozi?
Hutandaza utando mwembamba unaopunguza maji yanayopotea, na kujaza mikwaruzo midogo, ndiyo maana ngozi hulainika papo hapo. Lakini silikoni haina maji ya kukupa. Ni kifuniko tu, na chungu kitupu hata ukikifunika hakiivishi kitu. Wengi wanaolalamika kuwa ngozi imebaki kavu huipaka juu ya ngozi iliyokwisha kukauka. Ipake ndani ya dakika 3 baada ya kuoga, au juu ya losheni yenye gliserini. Kwa magaga, mafuta ya mgando hufunika vizuri zaidi, ingawa yananata.

Huleta chunusi?
Dimethikoni yenyewe, kwa kawaida, hapana. Molekuli zake ni kubwa, hazipenyi ndani, na utando wake hupitisha mvuke. Chunguza kwanza mafuta mengine yaliyomo kwenye krimu hiyo, au vipodozi unavyolala navyo. Maji matupu hayaiondoi. Nawa kwa sabuni laini ya uso.

Mbona losheni hujiviringisha kama makombo ya kifutio?
Tabaka la chini halijakauka, umepaka nyingi mno, au unasugua. Tanguliza bidhaa nyepesi ya maji, subiri ikauke, kisha chukua krimu ya silikoni kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, uibonyezebonyeze. Makombo yakitoka kwenye losheni ya kukinga jua, usipuuze: kinga imeshapata mapengo. Nawa, upake upya. Na kinachopaswa kupunguzwa ni krimu ya chini, kamwe si losheni ya jua.

Inasaidia makovu?
Ndiyo, hasa yaliyovimba. Jeli au bamba la silikoni huanza kutumika kidonda kikishafunga kabisa na nyuzi kutolewa. Bamba likae angalau saa 12 kwa siku, kwa miezi 2 hadi 3 au zaidi. Wanaoacha baada ya wiki mbili huona halifanyi kazi. Lioshe kila siku pamoja na ngozi iliyo chini yake, maana jasho likinaswa huleta vipele. Vikitokea, lipumzishe hadi vipone, kisha anza tena kwa saa chache.