Mtoto kapewa ketamini, dawa ya usingizi, macho yamebaki wazi, haimaanishi dawa imegoma

Huku Mbeya ukikaa benchi la emajensi utasikia tu, "msimpe dawa ya usingizi hataamka huyo, bora tumshike watu wanne ashonwe". Jamani hapana. Mtoto kadondoka na bodaboda pale Uyole mkono umepinda, ukimkandamiza wanyooshe mfupa anaumia kweli kweli, anarukaruka kazi haiendi, na siku nyingine akiona koti jeupe tu ni kilio.

Dawa ya usingizi inayotumika sana kwa kazi kama hizi ni ketamini, na hii ndo inawachanganya wazazi maana mtoto halali kama anavyolala nyumbani, macho yanabaki wazi yanachezacheza, anaweza hata kuguna, mama anasema haijashika, kumbe maumivu hayamfikii na kwa kawaida anaendelea kupumua mwenyewe. Ikichomwa mshipani inashika kwenye dakika moja hivi, ikichomwa kwenye msuli kama dakika 5.

Hatari ipo, sidanganyi. Koo linaweza kujibana ghafla, ni nadra ila lipo, ndo maana lazima awepo mtu wa kumwangalia mtoto tu, sio huyohuyo anayeshona, na kale kamashine ka kidoleni kanakosoma oksijeni, na vifaa vya kumpulizia hewa viwe karibu. Wewe sema alikula saa ngapi, kama ana mafua au kifua, na uji wa asubuhi usiufiche eti mtacheleweshwa. Akiamka atayumba, pengine atapike, kwa hiyo usimbebe mgongoni kuwahi daladala ya Mwanjelwa, subiri nesi aseme yuko sawa.